Nani Alipe Chakula cha Usiku? Historia Fupi ya Uchumba wa Mbali



Mwaka jana, wakati wa likizo ya Pasaka, binti mmoja alikuja Manchester kutoka Toronto. Baba yake ni mtu wa Tanga, mama yake wa Mombasa, na yeye mwenyewe ni muuguzi. Tiketi aliikata kwa mshahara wake, akafikia kwa shangazi yake, mama ambaye wengi wetu tumekwisha kula pilau yake. Alikuja kuonana ana kwa ana na kijana wetu mmoja, ambaye alikuwa akizungumza naye kwa simu karibu kila siku kwa muda wa miezi kumi na minne.

Siku ya tatu kijana alimwalika chakula cha usiku mgahawani. Walikula, wakacheka, wakazungumza hata wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Bili ikaletwa: pauni 58. Kijana akaitazama, akasema kwa uchangamfu, "Tugawane nusu kwa nusu, au siyo?" Binti akatoa kadi yake, akalipa pauni 29, akashukuru, akarudi kwa shangazi. Asubuhi yake akauliza kama tiketi ya kurudi inaweza kubadilishwa ili aondoke mapema.

Shangazi alitupigia simu. "Kaka zangu," alisema, "njooni mniambie, huyu mtoto wa watu amekosewa au amekosea?"

Jioni ile tulikutana watu kama kumi, na maneno yakawa mengi. Wenzetu wa rika letu walisema mwanamume ndiye anayelipa, na asiyeweza kulipa asialike. Vijana walijibu kwamba nyakati hizo zimepita, binti ana kazi nzuri pengine kumshinda kijana, na kumlipia kila kitu ni kumfanya mtoto. Mabishano yakafika pale yanapofika mabishano yetu yote, yaani kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Kisha mama mmoja, aliyekuwa akimimina chai bila kusema neno, akauliza, "Na tiketi ya ndege, je, nayo mliigawa nusu kwa nusu?"

Baraza lote likanyamaza.

Sisi kwa kazi ni wahandisi wa maji. Mtandao wa mabomba unapopoteza maji, hatuanzi na bomba lililopasuka barabarani, maana hilo kila mpita njia analiona. Tunalinganisha mita ya maji yanayoingia na mita za yale yanayotoka, kwa sababu maji mengi hupotea chini ya ardhi, kidogo kidogo, bila kelele. Bili ya chakula ni lile bomba la barabarani. Katika makala haya tumejaribu kufuata mabomba yaliyofukiwa: tangu zamani, watu wanaopendana wakiwa mbalimbali, nani amekuwa akilipa, na analipia nini?

Bili iliyosomwa hadharani

Uchumba wa mbali si jambo lililoletwa na simu za mkononi. Pwani yetu imeishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Aliyekosa upepo alingoja miezi. Mwanamume akiposa leo aliweza kusafiri kesho, na asionekane mpaka msimu ugeuke.

Nani alilipa nini katika uchumba wa namna hiyo? Jambo hilo halikuachwa kwenye giza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, ni mmoja wa waliochangia kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mambo ya posa na mahari yameelezwa kwa urefu. Palikuwa na mahari, ambayo kwa sheria ya Kiislamu ni haki ya mwanamke mwenyewe, na palikuwa na ada nyingine zenye majina yake, kama vile kilemba kwa upande wa baba na mkaja kwa mama. Washenga walikwenda na kurudi, kiasi kikatajwa, kikabishaniwa, kikakubaliwa mbele ya mashahidi.

Hatusemi kwamba utaratibu ule ulikuwa mzuri kwa kila mtu. Wako mabinti walioozwa bila kuulizwa, na wako vijana waliozeeka wakitafuta mahari. Lakini fadhila moja ulikuwa nayo: bili ilisomwa kwa sauti. Kila upande ulijua mwenzake ametoa nini. Na mshenga alipoingia nyumbani kwa watu, kahawa na halua vilikuwa vya wenyeji. Hakuna aliyewahi kumletea mshenga hesabu ya kikombe.

Barua iliyolipiwa na mpokeaji

Huku Uingereza nako mambo yalikuwa na vituko vyake. Kabla ya mwaka 1840, barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni aliyeletewa, si aliyeandika. Fikiria, msomaji: mchumba wako yuko mbali, anakuandikia kurasa tatu za mapenzi, na wewe ndiye unayesimama mlangoni kutafuta fedha za tarishi.

Kuna kisa kinachosimuliwa tangu wakati ule, na huenda kimetiwa chumvi. Binti mmoja maskini aliletewa barua, akaigeuzageuza, akairudisha akisema hana uwezo wa kuilipia. Bwana mmoja aliyekuwa akipita akamhurumia, akalipa. Tarishi alipoondoka, binti akaungama kwamba ndani ya barua hamkuwa na neno. Alama zilizowekwa juu ya bahasha zilikwisha kumweleza kwamba mpenzi wake yu mzima. Wengine husema si mpenzi bali kaka yake. Kwa vyovyote, wale maskini wawili walikuwa wamevumbua njia ya kuongea bila yeyote kulipa, na njia hiyo tutaiona tena Afrika Mashariki miaka zaidi ya 160 baadaye.

Rowland Hill aliandika kijitabu mwaka 1837 akitaka gharama za posta zibadilishwe. Mwaka 1840 bei ikawa peni moja kwa barua ya kawaida popote ndani ya nchi, na stempu ya kwanza ikatolewa. Tangu hapo anayetuma ndiye anayelipa. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, ila yaligeuza maana ya barua. Iliyokuwa deni mlangoni ikawa zawadi.

Dakika tatu kwa pauni kumi na tano

Simu ilileta hesabu ya namna nyingine, kwa sababu sasa mapenzi yalipimwa kwa dakika. Tarehe 7 Januari 1927 ilianza huduma ya simu ya redio kati ya London na New York. Dakika tatu za kwanza ziligharimu pauni 15, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 1956 ulipofunguliwa waya wa kwanza wa simu chini ya bahari ya Atlantiki, uliokuwa na njia 36 tu za mazungumzo kwa wakati mmoja, dakika tatu zilikuwa zimeshuka hadi pauni 3. Bado hapakuwa na nafasi ya kunyamaza. Wanaopendana hupenda kunyamaza pamoja, na ukimya nao ulilipiwa.

Simu ilirudisha pia ule mtindo wa kabla ya 1840, yaani simu ya kulipiwa na anayepigiwa. Opereta humuuliza mtu wa upande wa pili kama anakubali gharama. Kukubali ni tendo la mapenzi. Kukataa kunasikika mpaka kwa opereta.

Sisi tuliofika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusoma vyuoni tuliikuta simu ikiwa bado ghali, na barua ikichukua wiki mbili kama mambo yamekwenda vizuri. Ruhusuni tusimulie habari za mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi. Tulikuwa tukikaa naye chumba kimoja.

Mchumba wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Nyumbani kwao hapakuwa na simu. Iliyokuwako ni ya jirani, nyumba ya tatu kutoka kwao. Kila baada ya Jumapili mbili mwenzetu alikwenda kwenye kibanda cha simu na mfuko wa sarafu. Akipata laini alisema, "Mwiteni," akakata haraka, akasimama kwenye baridi dakika kumi mtoto wa jirani akimkimbilia yule dada, kisha akapiga tena. Sarafu ziliingia zikilia, na mazungumzo yakafuata mlio wake. Ilipobaki ya mwisho walianza kuagana, na mara nyingi hawakumaliza.

Ili kupata sarafu hizo, alikuwa akiosha vyombo hotelini usiku tatu kwa wiki. Mwisho wa mwezi alikula mkate na maharage ya kopo. Hayo hakumwambia. Akiulizwa hali alijibu kwamba huku mambo mazuri. Kwa hiyo, dada alipomwandikia kuomba viatu vya mdogo wake na ada ya muhula, hakuona ameomba jambo kubwa. Aliomba kwa mtu aliye Ulaya ambaye mambo yake ni mazuri. Mwenzetu aliisoma barua ile akasema, "Huyu ananiona benki."

Upande wa pili nako palikuwa na hesabu ambazo hazikutajwa. Kila alipoitwa simuni, yule dada alipeleka kitu kwa jirani: kilo ya sukari, mchele, siku nyingine samaki, maana huwezi kukaa katika ukumbi wa watu kila mara ukaondoka mikono mitupu. Barua zake alizituma kwa rejista ili zisipotee. Na alipopewa uhamisho wenye cheo kwenda Dodoma, aliukataa, kwa kuwa kule hakuwa na jirani mwenye simu. Hayo naye hakuyasema. Kulalamikia gharama za kupendwa aliona ni aibu.

Mwaka 1995 barua zao mbili zilipishana njiani. Kwa namna tofauti, kila moja ilisema jambo lilelile: inaonekana anayetoa ni mimi peke yangu. Uchumba ukafa hapo.

Walionana tena mwaka 2011 kwenye msiba, kila mmoja ana ndoa na watoto. Wakakaa mkekani wakapiga hesabu, mmoja anataja mkate na maharage, mwingine sukari na Dodoma. Walicheka, alitusimulia mwenzetu, kwa kuwa hawakuwa na jingine la kufanya mbele za watu. Usiku ule hakulala. Na sisi tuliosikia tuliona haya kidogo, kwa maana tulikuwa tukimwona akila ule mkate mkavu, tukamsifu kuwa ni mwanamume kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyemshauri amwambie mchumba wake ukweli.

Mwenyeji ndiye aliyelipa

Turudi sasa mezani, kwenye pauni 58. Ile kanuni ya kwamba mwanamume hulipa mgahawani imetoka wapi? Wenzetu wengi huitetea kama wosia wa mababu. Lakini babu zetu hawakuwachukua wachumba mgahawani. Kanuni hiyo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Marekani.

Mwanahistoria Beth Bailey, katika kitabu chake cha mwaka 1988, ameeleza jinsi uchumba wa Wamarekani ulivyohama kutoka nyumbani kwenda mjini. Mwishoni mwa karne ya 19, katika nyumba za wenye nafasi, kijana alikwenda kumtembelea binti kwao. Aliyealika ni binti au mama yake. Aliyeandaa chai na keki ni wao. Kijana hakulipa kitu kwa sababu alikuwa mgeni. Msomaji wa Lamu au Unguja ataona kwamba hapo si mbali na kwetu.

Ila maskini hawakuwa na sebule. Vibarua wa kike wa New York walipanga vyumba vidogo au walilala watatu chumba kimoja, hivyo wao na vijana wao walikutana kwenye kumbi za dansi, viwanja vya burudani na migahawa. Kathy Peiss, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya wasichana hao, ameonyesha kwamba mishahara yao ilikuwa midogo mno kuliko ya wanaume, na nyingine iliishia mikononi mwa wazazi. Bila mwanamume kulipa, hakuna dansi. Mtindo huo wa kutoka ulienea, na kufikia miaka ya 1920 hata watoto wa matajiri wakaufuata. Hoja ya Bailey ni kwamba pamoja na pochi, uenyeji nao ulihama. Nyumbani, mwanamke ndiye aliyealika na ndiye aliyeamua. Mjini, mwanamume alialika, akalipa, akaamua.

Sheria na desturi zikaufunga mkono wa mwanamke zaidi. Marekani, ni mwaka 1974 tu ilipotungwa sheria ya kuzuia wakopeshaji kumnyima mtu mkopo au kadi kwa sababu ni mwanamke au kwa sababu ya hali yake ya ndoa. Hapa Uingereza, sheria dhidi ya ubaguzi wa kijinsia ilitungwa mwaka 1975, na bado ilibidi kesi ifike Mahakama ya Rufani mwaka 1982 ndipo baa ya El Vino ya Fleet Street, London, ilipoambiwa kwamba haiwezi kukataa kuwahudumia wanawake waliosimama kaunta. Baadhi ya migahawa ya kifahari ilikuwa na orodha mbili za vyakula: ya mwanamume yenye bei na ya mwanamke isiyo na bei. Mwaka 1980 mwanamke mmoja mfanyabiashara wa Los Angeles alimwalika mshirika wake wa kiume, yeye ndiye mwenye kulipa, akapewa ile isiyo na bei. Alimchukua wakili Gloria Allred, wakafungua kesi, na mgahawa ukaacha mtindo huo.

Orodha isiyo na bei ilikusudiwa kuwa heshima. Lakini mtu asiyeonyeshwa bei hawezi kujua mwenzake ametoa nini. Ni lile tatizo la Tanga tena, ila hapa limechapwa kwenye karatasi nzuri.

Kwa hiyo wazee wa baraza letu walikuwa na haki, na vijana walikuwa na haki. "Mwanamume hulipa" ilitokana na mishahara isiyo sawa. "Nusu kwa nusu" ilitokana na watu waliopigania isawazishwe. Lakini kanuni zote mbili zilitungwa kwa ajili ya watu wa mji mmoja, wanaomaliza kula wakapanda basi kila mmoja kwenda kwake. Hakuna hata moja iliyomfikiria mtu aliyevuka bahari ili afike mezani.

Anayechumbia habipu

Nyumbani kwetu kanuni nyingine ilizaliwa, na ilizaliwa na simu za mkononi. Kampuni ya kwanza ya simu hizo Tanzania ilianza mwaka 1994, na katika miaka ya 2000 simu zikaenea hadi kwa watu wasio na fedha za kuzitumia. Ndipo watu wakaanza kubipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Ujumbe umefika, senti haikutoka. Yule binti wa bahasha angefurahi.

Mtafiti Jonathan Donner alichunguza jambo hili nchini Rwanda na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007. Aligundua kwamba kubipu kuna adabu zake. Ya kwanza, mwenye nacho ndiye anayelipa: asiyenacho hubipu, mwenye nacho hupiga. Lakini pana sharti: kijana anayemfuatia msichana habipu. Lazima apige, hata kama vocha ni ya mwisho.

Sisi wa ng'ambo tulijikuta ndani ya kanuni zote mbili kwa pamoja. Ukiwa nje unahesabiwa kuwa mwenye nacho, upende usipende. Tulikwangua kadi za simu zilizouzwa madukani pembeni mwa barabara, zilizoahidi dakika nyingi na kutoa chache. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kutuma fedha kukawa kwepesi, na kuombwa nako kukawa kwepesi.

Halafu mazungumzo yenyewe yakawa karibu ya bure. Skype ilianza mwaka 2003. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo WhatsApp ikazaliwa. Leo mtu wa Manchester na mtu wa Toronto wanaweza kuzungumza saa tatu, wakinyamaza watakavyo, bila sarafu kulia. Hapo ndipo tulipodanganyika. Tulidhani gharama za umbali zimekwisha, kumbe zimehamia kwingine: kwenye tiketi, viza, siku za likizo na usingizi.

Bia na kikoa

Inachekesha kwamba mataifa mengi hayapendi kukiri kwamba kugawana bili ni desturi yao. Waingereza huiita ya Kiholanzi. Waturuki huiita ya Kijerumani. Waitaliano huiita ya Kirumi.

Kiswahili hakikuhitaji kumsingizia jirani. Tuna neno la kale, bia, si ile ya chupa, lenye maana ya kushirikiana gharama. Watu waliokula bia walichanga kila mmoja sehemu yake. Hiyo ndiyo nusu kwa nusu ya vijana wetu, na wazee walioilaani jioni ile walikuwa wakiilaani lugha yao wenyewe.

Lakini tuna neno la pili, nalo ni kikoa. Watu wanaokula kikoa hawagawani bili. Hupeana zamu. Leo tunakula kwako, unatoa wewe. Kesho tunakula kwangu, natoa mimi. Kila mmoja anapata kuwa mwenyeji, na kila mmoja anapata kuwa mgeni. Katika bia watu hulingana papo hapo na kila mtu huenda zake bila deni. Kikoa huacha deni dogo mezani, na deni hilo ndilo sababu ya kuonana tena. Kwa watu wanaoishi mji mmoja, bia inatosha. Kwa watu waliotenganishwa na bahari, tunaona kikoa kinafaa zaidi, kwa maana kila safari inaonyesha wazi nani ni mwenyeji.

Karatasi mbili

Tulikwenda kwa shangazi watu watatu, pamoja na yule mama wa swali la tiketi. Hatukuhukumu. Tulimpa kila mmoja karatasi, tukawaomba waandike yote waliyoyatoa tangu walipoanza kuzungumza, ya fedha na yasiyo ya fedha, kisha wabadilishane.

Kijana alianza na kicheko, lakini karatasi ilijaa. Saa za Manchester ziko mbele ya Toronto kwa saa tano, na binti alimaliza zamu jioni. Kwa hiyo kijana alikuwa akikesha hadi saa nane za usiku, na kwa sababu hiyo aliacha zile saa za ziada za alfajiri zilizokuwa zikimwongezea mshahara. Binti hakulijua hilo. Alidhani kijana ni mtu wa kuchelewa kulala tu.

Binti aliandika tiketi. Aliandika siku alizochukua bila malipo, na sikukuu mbili alizofanya kazi badala ya wenzake ili wamwachie wiki ya Pasaka. Kijana hakuwa na habari.

Kisha yule mama akamuuliza kijana, kwa upole, kwa nini hasa alisema nusu kwa nusu. Akainama. "Mama, kazini waliniambia mwanamke wa Toronto, mwenye kazi yake, ukimlipia atajiona umemdharau. Niliogopa kumkosea."

"Na mimi," binti akasema, "nilidhani unaniambia sikuitwa."

Shangazi akaenda jikoni kuchemsha chai nyingine, ingawa birika lilikuwa bado limejaa.

Tiketi haikubadilishwa. Kuibadilisha, tuliambiwa, kulikuwa ghali kuliko chakula chenyewe. Mwezi wa Agosti kijana alikwenda Toronto kwa fedha zake, akafikia kwa ndugu wa binti. Walikwenda kula, bili ikaja, na kijana akatia mkono mfukoni kwa mazoea. Binti akaiweka kadi yake mezani kwanza. "Hapa wewe ni mgeni," akamwambia.

Zamu inayofuata ni ya Manchester. Harusi bado haijatangazwa, na sisi hatuulizi. Ila shangazi ametuambia kwamba zile karatasi mbili kila mmoja alichukua ya mwenzake, na kwamba bado wanaongeza mistari.